Viti Viwili vya Kwenda Kisiwani

Tumsifu kwanza kabla hatujamsema. Kuanzia kituo cha mafuta mpaka ukuta wa shule hapakuwa na fundi kufuli wa kumfikia. Wakubwa kwa wadogo walimwita Komeo, naye aliitika bila kinyongo. Kibanda chake kilikuwa na jiliwa moja la kubania vyuma lililofungwa mezani, tupa za kila unene zikining'inia ukutani, na kamba ndefu iliyotungwa funguo zisizo na wenyewe. Mpelekee kitasa kilichokwama miaka, atakitikisa karibu na sikio kama mtu anayepima yai bovu, kisha atakwambia kinaugua wapi.

Alikuwa na mwiko mmoja, na huo ndio uliompa heshima. Mtu akimletea begi au sanduku lililopotelewa na ufunguo, Komeo hagusi waya wake wa kufungulia kabla hajauliza: "Kuna nini ndani?" Ukitaja vizuri, anafungua mbele yako. Siku moja alikuja mama mmoja na kisanduku cha bati, akasema ndani mna soksi za mtoto mchanga na kioo kilichopasuka pembeni. Kikafunguliwa, soksi zikaonekana, na kioo kikaonekana na ufa wake. Siku nyingine akaja kijana kavaa tai, mkoba wa ngozi mkononi. Alipoulizwa kilichomo, akasema ni mambo ya ofisi. Mambo gani? Mambo tu. Komeo akamrudishia mkoba wake.

"Asiyejua kilichomo, si chake," akamwambia, na fundi viatu wa kibanda cha jirani akacheka mpaka akamwaga gundi.

Huo ndio uzuri wake. Sasa tumseme. Komeo hakumwamini mtu. Muuza maziwa akimpa chupa, alinusa kwanza. Jirani akimsalimia kwa bashasha, alishinda akijiuliza huyu anataka nini. Nyumbani kwake mlango wa mbele ulikuwa na kitasa, makomeo mawili na kufuli. Stoo ilifungwa, kabati la vyombo lilifungwa, hata jokofu alilitilia ndoano yenye kufuli, sijui alidhani nani angekuja kuiba barafu. Funguo zote alizivaa kiunoni kwenye pete moja kubwa, na watu wa nyumbani walimsikia kabla ya kumwona. Mke wake alikuwa na ufunguo mmoja tu, wa mlango wa mbele. Akiishiwa sukari mchana, sharti ampigie simu mumewe aje kufungua stoo.

Tena kila jambo aliliuliza mara mbili. "Umezima jiko?" "Umezima jiko?" Mke wake alikwisha kuzoea. Swali la kwanza aliliacha lipite, akajibu la pili, akawa ameokoa pumzi.

Mke huyo alikuwa mtu wa namna nyingine kabisa. Mpaka anastaafu alifanya kazi katika ofisi ya hali ya hewa. Kila asubuhi alivaa visikilizi vyake masikioni, na vituo vikaanza kumsomea kimoja kimoja: joto, mvua, upepo, mawingu. Vilikuwamo na vya nchi za nje, kwa sababu mawingu hayana pasipoti na wapima hewa hupeana habari kama majirani wanavyopeana chumvi. Cha mwisho kabisa kilikuwa kituo cha nchi moja ya visiwa katikati ya bahari kuu. Nchi yenyewe ni ndogo kiasi kwamba wachora ramani huandika jina lake majini, maana nchi kavu haitoshi. Na kwa kweli habari zake zilikuwa zilezile karibu kila siku: asubuhi jua, baada ya chakula cha mchana mvua, jioni shwari.

Hakupata kukutana na mtu yeyote aliyewahi kufika huko. Hata hivyo kisiwa kile kilimkaa moyoni. Alipomzika mama yake na kurudi kazini, macho yamevimba, kila kitu duniani alikiona kimepinda. Kisiwa kikaja mwisho wa orodha kama kawaida, kikasema mvua baada ya chakula cha mchana. Akalia, lakini kilio cha nafuu.

Basi jioni moja wakiwa mezani, miezi michache baada ya kustaafu, akasema, "Baba, nataka niende nikaione ile mvua."

"Mvua ipi?"

"Ya kule kisiwani."

Komeo akaacha kutafuna. "Kwani hapa hainyeshi?"

"Inanyesha. Lakini si ile." Mke akamsogezea chumvi. "Twende wote. Binti yetu kaolewa yuko kwake, sisi tumebaki wawili humu ndani tunatazamana tu. Twende tukatazamane kwingine."

"Na nyumba alinde nani?"

"Nyumba hii ina makufuli kuliko benki."

"Kufuli linataka mtu. Mimi siendi."

"Usikatae upesi hivyo. Fikiria," mke akasema. "Mimi naanza kuulizia."

Kwa Komeo mazungumzo yaliishia hapo. Lakini kesho yake kibandani yalianza kumwasha, kama unyoya ulioingia ndani ya shati, na kosa lake la kwanza lilikuwa kumsimulia fundi viatu. Huyo ni mtu mwema, ila ulimi wake haukupata kujua siku ya mapumziko.

"Shemeji avuke bahari yote hiyo kwenda kuangalia mvua?" fundi viatu akauliza, sindano ikiwa imesimama hewani. "Kwani kule kuna nini?"

"Anasema hakuna kitu."

"Kama hakuna kitu, basi kuna mtu. Kikulacho ki nguoni mwako, ndugu yangu. Mimi simo, nasema tu."

Anayesema hamo ndiye aliyemo zaidi, lakini Komeo alikwisha kuzama. Zile habari za kila asubuhi zilikuwa zikisomwa na nani? Upepo haujisomi. Akakumbuka zamani, binti yao angali mdogo, mke wake alirudi kazini akasema, "Yule bwana wa kisiwani leo ana mafua, maskini, kila akisema mawingu anapiga chafya." Siku ile walicheka wote watatu. Sasa Komeo alikumbuka kicheko kile na hakikumpendeza hata kidogo. Mwanamume kamsalimia mke wako kila asubuhi, miaka yote hiyo, nawe unacheka.

Tangu hapo kila kitu kikawa ushahidi. Mke akanunua koti la mvua la njano, rangi ambayo hakuwahi kuivaa tangu waoane. Akaanza kutembea jioni kuzunguka uwanja wa shule, anasema anazoesha miguu. Akaenda kuchanjwa. Simu ikilia, alitoka nayo barazani, ingawa barazani ndiko alikokuwa akipokea simu siku zote kwa sababu ndani mtandao haushiki. Hilo Komeo alilijua, lakini dalili ya mvua ni mawingu, na yeye aliyahesabu hata yale yaliyokuwa moshi wa jikoni.

Kilichommaliza ni begi. Mke alinunua begi jipya la magurudumu, na begi lilikuja na kikufuli chake. Akalifunga. Ufunguo akautia uzi, akauvaa shingoni, kisha akalisukuma begi mvunguni mwa kitanda. Ameolewa na fundi kufuli, na kafunga kitu bila hata kumuuliza mumewe kama kikufuli chenyewe kinafaa. Komeo alilala juu ya begi lile usiku baada ya usiku, na hakulala vizuri.

Asubuhi moja akavaa koti lake la kuendea misibani, akafunga kibanda, akaenda kwa wakala wa safari. Ofisi ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la rangi, na wakala alikuwa mama mnene mchangamfu mwenye feni ndogo iliyompepea yeye peke yake.

"Nataka kwenda kisiwani," Komeo akasema, na akakitaja.

Mama akamtazama vizuri. "Mzee wangu, huko unakwenda kufanya nini?"

"Kupumzika."

"Hapo utapumzika mpaka uchoke. Ndege inakwenda mara moja kwa wiki, tena upepo ukikubali. Upepo ukikataa, unangoja wiki ijayo. Nyumba ya wageni ni moja. Simu inashika ukipanda kilimani, na kilima hakuna."

"Wezi?"

"Aibe akimbilie wapi? Atakizunguka kisiwa, atatokea palepale alipoibia. Nasikia hata milango hawafungi."

Nchi isiyofunga milango Komeo aliiona kama mtu asiyevaa nguo. "Watu wanakwenda lakini?"

"Hawaendi. Ila mwezi huu sijui mmeambizana? Kuna mama mmoja ameshika viti viwili. Yeye na mwenzake."

"Mwenzake nani?"

"Mzee, mimi nauza tiketi, siozeshi."

Alishuka ngazi kashika ukuta. Viti viwili. Hapo mtu mwingine yeyote angejiuliza swali dogo, swali la mtoto: mwenzake mwanamke wa makamo ni nani kama si mume wake? Wewe umeshajiuliza, nami nimejiuliza. Lakini Komeo alikwisha kusema hapana pale mezani, na kwake hapana ilikuwa kama kufuli lililobanwa, ukishasikia mlio huwezi kurudi nyuma. Kwamba mke wake alikuwa bado akingoja jibu, halikumpitia akilini. Akashika njia kumtafuta mwanamume ambaye kila asubuhi alimnyoa ndevu kwenye kioo.

Akafika mpaka ofisi ya hali ya hewa. Kwenye kiti cha mke wake alikuwa amekaa karani msichana, nywele kazifunga kwa kalamu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuulizia yule bwana wa kisiwani. Anayesoma hali ya hewa."

Msichana akafikiri. "Yule mzee? Huyo alistaafu zamani, mimi sijaanza hata kazi. Siku hizi ni mashine tu. Kisanduku kimefungwa juu ya mlingoti, kinapima chenyewe, kinatuma chenyewe."

"Una uhakika?"

"Nina uhakika."

"Una uhakika?"

Msichana akamgeuzia kioo cha kompyuta aone picha. Kisanduku cheupe juu ya nguzo, majani yamelala kwa upepo, nyuma yake maji matupu. "Mama aliyekuwa akikalia kiti hiki alikuwa anakisalimia," akasema, na tabasamu likamjia. "Akifika asubuhi anasema, habari zako, kisanduku. Sasa hata mimi nakisalimia."

Ungedhani mtu ataruka kwa furaha. Mgoni wake ni kisanduku. Komeo alitembea nyumbani polepole, na kila alivyozidi kutembea ndivyo furaha ilivyozidi kumkimbia. Ikiwa kisiwani hakuna mwanamume, basi mwanamume anatoka hapahapa mjini. Viti vilikuwa viwili. Shaka ni kama panya, ukiziba tundu hili anatokea lile. Tena huyu wa hapa alikuwa mbaya zaidi, kwa kuwa hana hata mafua ya kumtambulisha.

Aliogopa, na heri niliseme wazi, maana yeye hakulisema. Hakuogopa kuibiwa, hakuogopa kuchekwa. Aliogopa mke wake atapanda ndege ile na asirudi, naye atabaki katika nyumba yenye makufuli yote yale, akimfungia nani asiingie? Badala ya kumwambia hivyo mkewe, kitu ambacho kingemchukua muda wa kunywa kikombe cha chai, alianza kumvizia.

Siku mke alipoaga kwamba anakwenda kwa wakala, Komeo alingoja apotee kwenye kona, akarudi nyumbani kutoka kibandani. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Komeo aliinama, magoti yakalia. Akalivuta begi mpaka katikati ya chumba. Kikufuli chenyewe kilikuwa mzaha, cha kumfungia mtoto biskuti. Akatoa waya wake mwembamba. Hapo mkono ukasita, kwa sababu mdomo ulikwisha kufunguka wenyewe, kwa mazoea ya kazi, ukitaka kuuliza lile swali. Chumbani hapakuwa na mteja. Kuna nini ndani? Hakujua.

Akakifungua hivyo hivyo. Kwa mara ya kwanza tangu ashike tupa, akafungua kitu akiwa hajui kilichomo na mwenyewe hayupo.

Begi lilikuwa tupu. Harufu ya upya na karatasi laini iliyokunjwa, basi. Mtu wa kawaida angeona aibu, akalifunga, akaenda kunywa maji. Komeo alikaa chini sakafuni akafikiri: nani anafunga begi tupu? Aliyeficha kitu. Akapapasa bitana pembe hadi pembe, na kwenye pembe ya juu vidole vikagusa kitu kigumu. Akachomoa kisu chake cha kazi, akaipasua bitana. Kilikuwa chuma cha mpini wa begi. Akapasua na upande wa pili, ajiridhishe. Kilikuwa chuma cha upande wa pili.

Ndipo akasikia ufunguo mmoja, ule wa mlango wa mbele, ukizunguka.

Mke alisimama mlangoni mwa chumba, pochi begani, jasho la haraka usoni. Akatazama begi lililofunguliwa tumbo. Akamtazama mume wake pale chini na kisu chake. Komeo alingoja ukelele, angeufurahia, lakini mke aliweka pochi juu ya kitanda taratibu na kukaa kando yake.

"Wateja wako huwa unawauliza swali," akasema. "Na mimi nakuuliza. Kuna nini ndani?"

"Hamna kitu."

"Hilo umelijua baada ya kufungua. Nakuuliza kabla hujafungua."

Komeo akatazama mikono yake. "Sikujua."

"Basi si lako."

Fundi viatu hakuwapo kucheka. Komeo akasikia maneno yake mwenyewe yakimrudia, na hakuwa na pa kuyaweka.

"Kwa nini ulilifunga na halina kitu?" akauliza mwishowe, sauti imeshuka.

"Nyumba hii yote umeifunga wewe. Stoo yangu umeifunga, kabati langu umelifunga, sukari naipigia simu. Nilitaka nione mtu anajisikiaje akiwa na kitu amekifunga mwenyewe." Akaugusa uzi wa shingoni. "Nilijisikia vizuri, kusema kweli."

"Na viti viwili?"

"Kumbe na huko ulifika." Mke akacheka, kicheko kifupi kisicho na utamu. "Wakala anataka picha yako ya pasipoti. Kila siku nangoja uniambie umefikiri, na kila siku unanitazama kama nimekuibia. Leo nikasema basi, nitamchukua kwa nguvu, nimpeleke kwa mpiga picha kabla hajafunga. Nimepita kibandani nikakuta umefunga, ndiyo maana nimerudi mbio."

Komeo alitamani sakafu impokee. Mtu aliyemtafuta mji mzima, kwa wakala, kwenye mlingoti wa katikati ya bahari, alikuwa hapa chini amekaa na kisu mkononi. Akainuka haraka, akaanza kujipangusa magoti. "Basi twende. Twende sasa hivi, mama. Hajafunga bado."

"Hapana, baba."

"Nimekosa. Nisamehe, nimekosa."

"Nimeshakusamehe, si hilo." Macho ya mke yalikuwa yamejaa, lakini sauti ilikuwa imara. "Nilidhani nikikupeleka mahali pasipo na cha kufunga, utapumzika. Sasa naona kule utakosa cha kukagua, utanikagua mimi. Wiki nzima. Siwezi. Nitakwenda mwenyewe."

"Utarudi?"

"Nitarudi."

"Utarudi?"

Safari hii mke alikuwa amejibu la kwanza. La pili akaliacha lipite, akainuka kwenda kuosha uso.

Bitana ilishonwa na fundi viatu. Alishona kwa uzi mweusi wa soli, maana mwingine hakuwa nao, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alishona kimya. Alama zilibaki, mbili, nene, kama kovu la mtu aliyepasuliwa. Komeo alitaka kununua begi jingine na mke akakataa. Akapanga nguo zake mle ndani, na koti la njano juu kabisa.

Asubuhi ya safari teksi ikasimama nje. Mke alivua ule uzi shingoni, akautia kiganjani mwa mumewe pamoja na ufunguo wake mdogo.

"Kaa nao. Begi sitalifunga. Aliyetaka kulifungua alishalifungua." Kisha, alipoona uso wa Komeo ulivyoanguka, akamsawazishia kola ya shati kama alivyozoea. "Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Usisahau kuzima jiko."

Teksi ikaondoka. Komeo akabaki nayo nyumba.

Tangu kesho yake, kabla ya kufungua kibanda, alipita ofisi ya hali ya hewa. Msichana mwenye kalamu nywelani alimsomea. Jana asubuhi jua. Baada ya chakula cha mchana mvua. Jioni shwari. Komeo alisikiliza kofia mkononi, akamwona mke wake na koti la njano, amesimama nje peke yake analowa kwa makusudi. Mtu aliyenusa kila chupa ya maziwa sasa alikuwa akipokea neno la kisanduku asichokiona, kilichofungwa mahali asipopajua. Siku za kwanza aliuliza mara mbili. "Imenyesha?" "Imenyesha." "Imenyesha?" Msichana alijibu zote kwa adabu, kwa kuwa mke alikwisha kumsimulia tabia hiyo.

Ikafika siku ya ndege kurudi. Komeo alikwisha kupiga pasi koti la misibani ili aende nalo uwanjani. Msichana alimwona akiingia, na hakutabasamu.

"Mzee, upepo umebadilika kule tangu jana. Mawingu yameshuka mpaka chini. Nadhani ndege haitaruka."

"Mpaka lini?"

"Mpaka wiki ijayo. Kama upepo utakubali."

Simu hakuna, kilima hakuna. Kila kitu alichowahi kukiogopa kilikuwa sasa kimesimama mbele yake kimevaa nguo nadhifu: mke hajaja, yuko mbali, na wa kumshuhudia ni mashine. Lile swali la pili lilimjia mpaka kwenye meno. Una uhakika ni upepo? Una uhakika? Msichana alikuwa akimngoja aulize, ameshaigeuza kompyuta nusu.

"Ahsante, mwanangu," Komeo akasema. "Kisalimie." Akavaa kofia yake, akatoka.

Fundi viatu alimwona akifungua kibanda na koti zuri mwilini. Akajua. Akajitahidi kunyamaza, Mungu ni shahidi, lakini ulimi ni ulimi.

"Shemeji hakuja?"

"Ni upepo."

"Mm. Na wiki ijayo asipokuja?"

Komeo alivua ile pete kubwa kiunoni, akaitia mezani, akachomoa ufunguo wa stoo na kuubana kwenye jiliwa sambamba na kipande cha shaba kisichochongwa. Akachukua tupa nyembamba.

"Nitakwenda tena kuuliza upepo," akasema, na akaanza kuchonga.

Alichonga wa stoo, akachonga wa kabati, akachonga wa jokofu. Kila ulipokamilika aliupuliza vumbi na kuutunga kwenye uzi uleule uliotoka shingoni mwa mke wake, pamoja na kile kifunguo cha begi. Fundi viatu alitazama mpaka uvumilivu ukamwishia.

"Nani kapoteza funguo zote hizo?"

"Hajapoteza," Komeo akasema bila kuinua kichwa. "Sijawahi kumpa."